Kupitisha multikasti kutoka VLAN moja hadi nyingine: fuata ombi la mpokeaji

Chukua kamera 20 zilizo kwenye VLAN (mtandao uliotenganishwa ndani ya swichi) ya 10, kila moja ikirusha mkondo wa megabiti 6 kwa sekunde, na watazamaji walio kwenye VLAN ya 20 na ya 30. Ukituma kwa unikasti, kila anayefungua kamera anadai nakala yake: watu 15 wakitazama kamera moja, kamera hiyo inalazimika kutoa megabiti 90. Kwa multikasti inatoa nakala moja tu, na swichi ndiyo inayorudufu pakiti pale njia zinapoachana.

Tatizo ni kwamba VLAN iliwekwa ili itenganishe, na inatenganisha kweli. Pakiti ya multikasti iliyozaliwa kwenye VLAN ya 10 itabaki humo hadi kifaa cha tabaka la 3 (ruta, au swichi inayoelekeza kwa anwani za IP) kikubali kuivusha, na hakuna kitufe kimoja kinachomaliza kazi hiyo. Wengi huanza kwa kunakili amri walizokuta mahali, picha ikikataa kutokea wanaongeza amri nyingine, na mwisho hawajui ni ipi iliyofanya nini. Mimi hufuata ombi. Katika multikasti mpokeaji ndiye anayeomba. Ombi lake hupanda kutoka kwenye kompyuta yake hadi swichi iliyo karibu naye, kutoka hapo hadi kifaa cha tabaka la 3, ndipo mkondo hushuka kumfikia. Ukijua ombi limekwama kituo gani, umeshajua pa kurekebisha.

Amri nitakazoandika ni za Cisco IOS kwenye swichi za Catalyst. Watengenezaji wengine wana maneno yao, lakini itifaki ni zile zile, kwa hiyo utakachokagua hakibadiliki.

Mfano wetu una swichi kuu yenye uwezo wa tabaka la 3. VLAN ya 10 ni 192.168.10.0/24 na ina watumaji. VLAN ya 20 ni 192.168.20.0/24 na ya 30 ni 192.168.30.0/24, zote za wapokeaji. Swichi kuu ndiyo lango la kila VLAN, kwa anwani inayoishia na .1. Chini yake kuna swichi za kawaida za tabaka la 2, zimeunganishwa kwa tranki, yaani kiungo kimoja kinachobeba VLAN nyingi.

Hatua ya 1: Chagua anwani ya kundi

Anwani za multikasti za IPv4 zinaanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Usiokote yoyote tu humo.

Fungu la 224.0.0.0 hadi 224.0.0.255 ni la mazungumzo ya ndani ya sabneti moja. Ruta haivushi pakiti za fungu hilo hata uisanidi vipi. Hapa ndipo wanapokwama wanaotaka printa au skrini za VLAN nyingine zionekane kwenye simu zao: mDNS, itifaki ambayo vifaa hivyo hujitangazia, hutumia 224.0.0.251, na hiyo haitavuka kwa njia ninayoeleza hapa. Inahitaji kifaa kinachoipokea upande mmoja na kuitangaza upya upande wa pili, kama kompyuta yenye programu ya Avahi iliyowekewa `enable-reflector=yes`.

Kwa matumizi ya ndani ya taasisi, chukua fungu la 239.0.0.0/8, lililotengwa kwa kazi hiyo na RFC 2365 ya mwaka 1998. Hata humo kuna mtego. Anwani ya IP ya kundi hugeuzwa kuwa anwani ya MAC inayoanza na 01:00:5e, na ni biti 23 za mwisho tu za IP zinazoingia kwenye MAC hiyo. Kwa kuwa namba ya kundi ina biti 28, biti 5 zinapotea, na makundi 32 yanajikuta yakitumia MAC moja. Kwa hiyo 239.0.0.5 na 239.128.0.5 zote zinakuwa 01:00:5e:00:00:05, sawa kabisa na 224.0.0.5 ambayo ni ya OSPF, itifaki ya ruta kupeana njia. Swichi nyingi zimeagizwa zisizuie kamwe MAC za fungu hilo, hivyo mkondo wako utamwagwa kwenye kila poti ya VLAN, na utabaki unashangaa kwa nini uchujaji haufanyi kazi.

Epuka basi anwani zote za sura ya 239.0.0.x na 239.128.0.x. Mimi natumia 239.10.10.5, ambayo inatoa 01:00:5e:0a:0a:05. Ukiwa na mikondo mingi, mpe kila mtumaji kundi lake na uorodheshe mahali panapoonekana na wote wanaousimamia mtandao.

Hatua ya 2: Kagua TTL kwa mtumaji, kabla ya kugusa swichi

Hili nimeliweka mbele kwa makusudi. Niliwahi kutumia siku mbili nzima nikipekua usanidi wa swichi uliokuwa sahihi tangu saa ya kwanza. Ndani ya VLAN ya mtumaji picha ilikuwa safi. VLAN ya jirani, giza tupu. Kosa lilikuwa kwenye kifaa chenyewe: kilikuwa kinatuma pakiti zenye TTL (namba inayopungua kila pakiti inapovuka ruta) ya 1.

Kila kifaa cha tabaka la 3 hupunguza TTL kwa moja kabla ya kuivusha pakiti. Ikifika na 1, inatupwa. Na 1 ndiyo thamani ya kawaida ya multikasti kwenye mifumo ya uendeshaji, isipokuwa mwandishi wa programu ameagiza vinginevyo. Ndani ya VLAN moja hakuna anayepunguza kitu, kwa hiyo dosari haijionyeshi kabisa.

Kwenye kompyuta iliyo VLAN ya mtumaji, endesha:

```
tcpdump -ni eth0 -v host 239.10.10.5
```

Angalia neno `ttl` katika kila mstari. Ukiona `ttl 1`, ingia kwenye mipangilio ya kamera, kisimbuzi au programu uiongeze. Kuvuka swichi kuu moja, 2 inatosha, lakini weka 8 au 16 ili usirudi tena mtandao ukikua. Jambo moja la kukumbuka: kufungua tcpdump au Wireshark hakutumi ombi la kujiunga na kundi. Swichi ikiwa inachuja vizuri, kompyuta yako haitaona kitu mpaka programu fulani juu yake iombe. Ukimya huo haumaanishi kwamba mtumaji amekufa. Elekeza nakala ya poti ya mtumaji kwenye poti yako, au fungua mkondo kwa VLC huku tcpdump ikiendelea.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha IP ya mtumaji ni ya sabneti ya VLAN aliyomo. Watumaji wa multikasti wanaweza kurusha hata wakiwa na IP isiyofaa, na majirani wa VLAN ile ile watapokea. Swichi kuu haidanganyiki hivyo: hukagua kama pakiti imeingia kupitia kiolesura ambacho yenyewe ingekitumia kurudi kwa mtumaji. Isipolingana, inaitupa. Ukaguzi huu unaitwa RPF.

Hatua ya 3: Washa uelekezaji wa multikasti kwenye swichi kuu

Sasa ingia kwenye swichi, uwashe PIM, itifaki inayovusha multikasti kati ya VLAN na kati ya ruta.

```
ip multicast-routing
!
interface Loopback0
 ip address 10.255.255.1 255.255.255.255
 ip pim sparse-mode
!
interface Vlan10
 ip pim sparse-mode
interface Vlan20
 ip pim sparse-mode
interface Vlan30
 ip pim sparse-mode
!
ip pim rp-address 10.255.255.1
```

Kwenye baadhi ya modeli za zamani amri ya kwanza huandikwa `ip multicast-routing distributed`. Na kama swichi inakataa amri za PIM kabisa, tazama leseni yake kwanza. Baadhi ya modeli hazitoi PIM kwenye leseni ya chini.

PIM inawekwa pia kwenye VLAN ya mtumaji, si kwenye za wapokeaji peke yake. Kusahau VLAN ya 10 ni kosa la kawaida sana, kwa sababu mtu hufikiri PIM ni ya kupelekea tu. Bila hiyo, swichi haipokei mkondo kwa ajili ya kuuvusha, hata kama unapita mbele yake.

RP ni mahali pa kukutania. Mpokeaji anajua kundi tu, hajui mtumaji ni nani wala yuko wapi. RP ndiyo inayowakutanisha. Swichi ikiwa moja, inakuwa RP ya nafsi yake kupitia Loopback0, kiolesura cha ndani kisicho na kebo. Zikiwa kadhaa za tabaka la 3, amri ya `ip pim rp-address` iandikwe kwenye kila moja kwa anwani ile ile, na kila moja iwe na njia ya kufika 10.255.255.1. Kwa mtandao wa majengo machache, RP ya kuandikwa kwa mkono inatosha. Njia za kuichagua RP kiotomatiki zipo, lakini ni sehemu nyingine ya kuharibika, na sioni unachopata kwa swichi mbili tatu.

Usiingie kwenye dense mode, hali nyingine ya PIM, kwa sababu tu haidai RP. Humo swichi humwaga mkondo kila upande kwanza, kisha husubiri wasiohitaji wakatae, na baada ya muda kukataa kule kunakwisha na kumwaga kunaanza upya. Kwa kamera 20 hilo ni mafuriko.

Kama vifaa vyako vyote vinaijua IGMPv3 (toleo la 3 la itifaki ambayo mpokeaji huombea kundi) na programu inamtaja mtumaji kwa IP yake, kuna njia nyepesi zaidi: tumia fungu la 232.0.0.0/8, andika `ip pim ssm default`, na `ip igmp version 3` kwenye kila kiolesura. Hapo RP haihitajiki. Ningechagua hii kila mara kama si vifaa vingi vya kupokelea kuishia IGMPv2.

Hatua ya 4: Hakikisha swichi za chini zinachungulia, na kuna anayeuliza

Mpokeaji hutuma ombi lake kwa IGMP. Swichi ya tabaka la 2 haihusiki na mazungumzo hayo, lakini huyachungulia ili ijue poti ipi imeomba kundi lipi. Kwenye menyu na amri kazi hii inaitwa IGMP snooping. Bila kuchungulia, swichi huitendea multikasti kama tangazo la wote. Kamera zetu 20 zinafikisha megabiti 120 kwa sekunde; simu ya mezani au printa yenye poti ya megabiti 100 inazibwa kabisa, nayo haikuomba kitu.

Kwenye Catalyst uchunguliaji huwa umewashwa tangu mwanzo. Kwenye swichi nyingine za bei ndogo hukutwa umezimwa, kwa hiyo usikisie.

Uchunguliaji unategemea mtu wa kuuliza. Kila baada ya muda, muulizaji hutuma swali la IGMP kwenye VLAN: nani bado anataka kundi lipi? Wapokeaji hujibu, na swichi huhuisha jedwali lake. Swali hilo hilo pia huionyesha swichi ya chini ni poti gani inayoelekea kwa ruta, ili ijue maombi ya kupandisha yapite wapi. Asipokuwepo muulizaji, utaona dalili ambayo huwasumbua watu kwa wiki nzima: programu inafunguliwa, picha inakuja vizuri, baada ya dakika nne na kitu inakatika. Ukifunga na kufungua, inarudi, halafu inakatika tena. Hesabu yake ni hii: kwa vipimo vya kawaida vya IGMP swali hutoka kila sekunde 125 na jibu hupewa sekunde 10. Uanachama usiohuishwa hufutwa baada ya maswali mawili na muda wa kujibu, yaani sekunde 260.

Ulipoweka PIM kwenye kiolesura cha VLAN, swichi kuu ikawa muulizaji wa VLAN hiyo. Kagua kwenye swichi ya chini:

```
show ip igmp snooping querier
show ip igmp snooping mrouter
show ip igmp snooping groups vlan 20
```

Amri ya kwanza ikupe 192.168.20.1 kwa VLAN ya 20. Ya pili ionyeshe poti ya tranki inayokwenda juu. Ikija anwani usiyoitambua kama muulizaji, kuna kifaa kingine kwenye VLAN kinachouliza. Kwa IGMPv2 na v3 mwenye IP ndogo zaidi ndiye hushinda, na ndiyo sababu nyingine ya kuipa swichi kuu anwani ya .1. VLAN isiyo na PIM kabisa, lakini yenye multikasti ya ndani, iwekee muulizaji kwa `ip igmp snooping querier` kwenye swichi moja yenye IP.

Tazama pia kama VLAN zote zinaruhusiwa kwenye tranki. Ni jambo dogo, lakini nimelikuta mara nyingi kuliko makosa ya PIM.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kitu unachokitawala

Usijaribu kwanza kwa kamera. Kamera ina mipangilio yake, kitazamaji kina yake, na ukuta wa moto wa kompyuta una yake. Tumia iperf toleo la 2. Iperf3 haina multikasti. Kwenye kompyuta ya VLAN ya 20:

```
iperf -s -u -B 239.10.10.5 -i 1
```

Kwenye kompyuta ya VLAN ya 10:

```
iperf -c 239.10.10.5 -u -T 8 -b 4M -t 600
```

Herufi `-T` ndiyo TTL. Mpokeaji akianza kuonyesha karibu megabiti 4 kila sekunde, njia iko wazi, na kilichobaki ni kamera zako. Asipoonyesha kitu, endesha `ip maddr show` kwenye Linux uone kama kundi limeombwa kupitia kadi sahihi. Kompyuta ndogo yenye Wi-Fi na kebo kwa pamoja huweza kupeleka ombi upande wa Wi-Fi huku wewe unatazama upande wa kebo. Zima Wi-Fi wakati wa jaribio.

Hatua ya 6: Soma jedwali la njia

Hapa ndipo swichi kuu inakuambia kila kitu, ukijua kusoma.

```
show ip igmp groups
show ip mroute 239.10.10.5
```

Amri ya kwanza inajibu: ombi limefika? Ukiona 239.10.10.5 kwenye Vlan20, limefika. Usipoliona, tatizo liko kati ya mpokeaji na swichi kuu. Rudi Hatua ya 4, na usiguse PIM. Ya pili inatoa kitu kama hiki:

```
(*, 239.10.10.5), 00:04:12/stopped, RP 10.255.255.1, flags: SJC
  Incoming interface: Null, RPF nbr 0.0.0.0
  Outgoing interface list:
    Vlan20, Forward/Sparse, 00:04:12/00:02:31

(192.168.10.50, 239.10.10.5), 00:03:40/00:02:50, flags: T
  Incoming interface: Vlan10, RPF nbr 0.0.0.0
  Outgoing interface list:
    Vlan20, Forward/Sparse, 00:03:40/00:02:31
```

Sehemu ya juu, yenye nyota, ni ombi: kuna mtu anataka kundi hili kutoka kwa yeyote. Sehemu ya chini, yenye IP ya mtumaji, ni mkondo wenyewe. Mlango wa kuingilia ni Vlan10, wa kutokea ni Vlan20.

Ukiona ya juu tu, ombi limefika ila mkondo haujafika: mtumaji hatumi, TTL ni 1, IP yake si ya sabneti, au VLAN ya 10 haina PIM. Ukiona ya chini lakini orodha ya kutokea ni `Null`, mkondo umefika na hakuna aliyeomba. Ukiona zote mbili kamili na kaunta za `show ip mroute 239.10.10.5 count` zinapanda, lakini mpokeaji bado haoni, swichi kuu imeshatimiza wajibu wake. Shuka kwenye swichi ya chini, au kwenye ukuta wa moto wa kompyuta ya mpokeaji. Penye shaka kuhusu RPF, `show ip rpf 192.168.10.50` inapaswa kutaja Vlan10.

Usishtuke kukuta 224.0.1.40 kwenye jedwali. Cisco huiweka yenyewe. Na 239.255.255.250 ni ya kompyuta na televisheni zinazotafutana kwa SSDP. Utaikuta karibu kila mtandao.

Kama una orodha za kuruhusu na kuzuia kwenye violesura vya VLAN, kumbuka IGMP ni itifaki namba 2 na PIM ni namba 103. Orodha iliyoandikwa kwa kuwaza TCP na UDP peke yake itaziua zote mbili kimyakimya.

Swichi isiyo na PIM

Swichi nyingi za tabaka la 2 zina njia ya pili, MVR. Mikondo yote hukaa kwenye VLAN moja maalumu, na swichi huwapa wapokeaji wa VLAN nyingine nakala bila kuelekeza chochote kwa tabaka la 3:

```
mvr
mvr vlan 100
mvr group 239.10.10.1 20
!
interface GigabitEthernet1/0/1
 mvr type source
interface GigabitEthernet1/0/5
 mvr type receiver
```

Namba 20 ni idadi ya makundi yanayofuatana kuanzia 239.10.10.1. Njia hii inawafaa zaidi wanaosambaza televisheni kwa wateja, ambapo mtumaji ni mmoja na wengine wote ni wa kupokea tu. Kwenye Catalyst haikai pamoja na uelekezaji wa multikasti, chagua moja.

Hatua ya 7: Weka mipaka, kisha hifadhi

Multikasti ikishavuka, inavuka kwa yeyote anayeomba. Kamera za ulinzi si za kila mtu. Wazuie wa VLAN ya 30 wasiombe kisichowahusu; orodha hii inawaruhusu makundi ya 239.10.10.x tu, mengine yote yanakataliwa:

```
access-list 10 permit 239.10.10.0 0.0.0.255
interface Vlan30
 ip igmp access-group 10
```

Kuna pia kipengele cha kuondoa poti kwenye kundi mara tu mpokeaji anapoaga, `ip igmp snooping vlan 20 immediate-leave`. Ni kizuri pale ambapo kila poti ina mpokeaji mmoja. Poti ikiwa na swichi ndogo yenye watu watatu nyuma yake, wa kwanza kuondoka anawakatia wenzake.

Kabla ya `copy running-config startup-config`, acha jaribio la iperf lifike dakika zake 10 bila kugusa kitu, kisha urudie na kamera halisi kwa muda huo huo. Likivuka sekunde ya 260 na namba zikaendelea kutoka, muulizaji yupo na anajibiwa. Hapo hifadhi.